Nyavu Mbili, Mwili Mmoja

Mhandisi anayetaka kujua daraja litahimili mzigo gani hulikatakata ndani ya kompyuta kuwa vipande vidogo vyenye maumbo mepesi, kisha hupiga hesabu ya msogeo wa kona za kila kipande. Kona hizo huitwa mafundo, na vipande vyote kwa pamoja huitwa wavu. Richard Courant alitumia wazo hilo katika hesabu zake za mwaka 1943, na Ray Clough akalipa jina linalojulikana leo, mbinu ya elementi zenye kikomo, mwaka 1960. Wavu mmoja uliofumwa kwa mkono mmoja hauzushi ubishi. Ubishi huanza pale nyavu mbili zenye matundu ya ukubwa tofauti zinapokutana kwenye mpaka mmoja, na mafundo ya huku yakakosa kuangukia mafundo ya kule. Programu ikiamriwa iziunganishe, inaamriwa kutamka kwamba pande hizo mbili ni mwili mmoja. Kabla ya kuwa kazi ya uhandisi, tamko hilo ni swali la kale la falsafa: vitu viwili vilivyokaribiana huwa kimoja kwa sababu gani?

Hali hiyo ya nyavu haitokani na uzembe, na mahali pamoja halisi panatosha kuonyesha sababu yake. Kata ya Msangano, wilayani Momba katika Mkoa wa Songwe, imo katika bonde linaloitwa na wanajiolojia kwa jina hilohilo la Msangano. Bonde la ufa la Rukwa, likielekea kusini, hukutana na mwinuko wa Mbozi na kugawanyika: upande mmoja linakwenda bonde la Songwe, upande wa pili bonde la Msangano, ambamo Mto Momba unapita kwenda kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Juu ya mto huo, kati ya Kamsamba upande wa Songwe na Kilyamatundu upande wa Rukwa, kuna daraja la mita 84. Daraja la ukubwa huo, likichukuliwa kama mfano tu, linadai wavu wa sentimita kadhaa mahali ambapo boriti ya zege inakalia nguzo, kwa sababu hapo ndipo mkazo hubadilika haraka. Ardhi iliyo chini yake haidai hivyo. Eneo la mita 200 kwa mita 200, kwenda chini mita 50, likigawanywa kwa vipande vya sentimita 10 huzaa vipande bilioni 2. Likigawanywa kwa vipande vya mita 5 huzaa vipande 16,000 tu. Hakuna ofisi ya wahandisi yenye haja ya hesabu ile ya kwanza. Zaidi ya hapo, mara nyingi daraja huchorwa na mtu mmoja na udongo na mwingine, kila mmoja kwa kipimo cha fani yake, na kwenye mpaka wa kazi zao ndipo nyavu hukataa kulingana.

Katika kitabu cha 5 cha Fizikia, Aristotle alitenganisha hali tatu ambazo lugha ya kila siku huzichanganya. Vitu hufuatana ikiwa katikati yao hakuna kingine cha jinsi yao. Hugusana ikiwa miisho yao iko mahali pamoja. Huwa mwendelezo mmoja ikiwa miisho hiyo miwili imekuwa mwisho mmoja. Mgawanyo huu unaziingia nyavu bila kulazimishwa. Nyavu zinazolingana zinashiriki mafundo: kompyuta hutunza namba moja tu kwa ajili ya pande zote mbili, kwa hiyo mwisho wa huku ndio mwisho wa kule. Nyavu zisizolingana zina kingo mbili zilizolaliana, kila ukingo na namba zake. Zinagusana tu.

Hata hivyo Aristotle hakuishia hapo, na alichoongeza ndicho chenye faida zaidi. Alisema kwamba kitu kizima huwa kimoja kwa namna ileile ambayo kinachokishika ni kimoja, kiwe msumari, gundi, mgusano wenyewe au kuota pamoja. Maana yake umoja una daraja zake, na daraja hizo huamuliwa na kiungo. Ubao uliopigwa msumari ni mmoja kimsumari. Kwa hiyo kuuliza kama nyavu zimeungana au hazijaungana ni kuuliza nusu ya swali. Inabaki kuuliza zimeshikwa na nini.

Wanatheolojia wa Kiislamu walilifikisha jambo hilo mbali kuliko Wayunani. Wengi wa watu wa elimu ya kalam, Waash'ari wakiwemo, walishikilia kwamba miili imeundwa na sehemu zisizogawanyika, ambazo Mungu huziweka pamoja au kuzitenga apendavyo. Wanafalsafa walikataa, na Ibn Sina alikuwa na hoja kali dhidi ya sehemu hizo zisizogawanyika. Ziwekwe sehemu tatu kama hizo kwenye mstari. Ile ya katikati inazizuia mbili za pembeni zisigusane. Basi upande wake unaoigusa ya kushoto si upande unaoigusa ya kulia, na chenye pande mbili kimekwisha kugawanyika. Hoja hiyo itarudi kwenye mafundo, kwa sababu fundo la wavu nalo ni nukta isiyo na upande, ilhali linatakiwa kusimamia kipande kizima cha ukingo, kushoto na kulia kwake.

Mpaka wa Tunduma, kati ya Tanzania na Zambia, ulikwisha kuona nyavu za namna hiyo kabla ya kompyuta. Mwaka 1898 wapimaji wa Kiingereza na wa Kijerumani walipima na kuweka alama mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, uliokuwa umekubaliwa kwa mkataba wa 1890. Upimaji wa zama hizo ulikuwa kazi ya pembetatu: kilele hiki na kile, pembe kati yao, mpaka nchi nzima ikafunikwa na wavu. Baadaye ukaja mnyororo mrefu wa pembetatu kando ya mstari wa longitudo 30, ambao David Gill, mwanaastronomia wa Cape, alianza kuupigania mwaka 1879 ili upite kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Hesabu za mnyororo huo zilisawazishwa zaidi ya mara moja. Ramani za Zambia zilijengwa juu ya msingi wa Arc 1950, na za Tanzania, Kenya na Uganda juu ya Arc 1960. Yote miwili inatumia umbo lilelile la dunia, la Clarke la 1880, na bado majiranukta ya sehemu moja huweza kuachana kwa makumi ya mita yakisomwa katika msingi huu na ule. Bikoni moja iliyo kati ya Tunduma na Nakonde ina mahali pawili, pote halali.

Hilo halimsumbui mpima ardhi kupita kiasi, na sababu yake inafaa kutazamwa. Bikoni iko. Mtu anaweza kwenda kuigusa, akasema kwamba hizi ni taarifa mbili za kitu kimoja, kisha akatafuta kanuni ya kuhamisha taarifa moja kwenda nyingine. Ndani ya programu ya uhandisi hakuna bikoni. Nyuma ya kingo mbili hakuna ukingo wa tatu ulio wa kweli, ambao kingo hizo zingepimwa kwao. Kilichopo ni nyavu zenyewe tu. Anayeziunganisha inambidi atafute hakimu mahali pengine, na mbinu zote zilizobuniwa zinatofautiana hasa kwa hakimu zinayemchagua.

Mbinu ya kwanza ni ya amri. Upande mmoja hufanywa bwana na wa pili mtumwa, maneno ambayo vitabu vingi viliyatumia na ambayo sasa baadhi vimeanza kuyaacha. Kila fundo la mtumwa hulazimishwa kukaa juu ya ukingo wa bwana, popote ukingo huo utakapokwenda. Mbinu hii ni rahisi, ni ya haraka, na imo katika karibu kila programu. Kasoro yake inaonekana kwa hesabu inayotosha kwenye karatasi. Mpaka wa mita 6 una upande A wenye vipande viwili vya mita 3, na upande B wenye vipande vitatu vya mita 2. Shinikizo lililo sawa la kilonyutoni 60 kwa kila mita linapita, jumla kilonyutoni 360. Ili shinikizo hilo libaki sawa, mafundo matatu ya A yanapaswa kubeba 90, 180 na 90, na mafundo manne ya B 60, 120, 120 na 60. Sasa B akiwa mtumwa, mafundo yake mawili ya ndani hugawa mzigo wao kwa mafundo ya A kufuatana na umbali, theluthi moja kwa lililo mbali na theluthi mbili kwa lililo karibu. A hupokea 100, 160 na 100. Jumla ni ileile 360. Hakuna kilichopotea njiani, ila mgao umeharibika, na shinikizo lililoingia likiwa sawa limetoka na mabonde na vilima.

Mambo yakigeuzwa, A akawa mtumwa, B hupokea 90, 90, 90 na 90 mahali pa 60, 120, 120 na 60. Hapo kosa ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu mafundi wa fani hii hufundishwa kumweka mtumwa upande wenye matundu madogo. Kanuni hiyo hupunguza kosa, hailiondoi. Bruce Irons, katika miaka ya 1960, alipendekeza jaribio ambalo mbinu yoyote inapaswa kulipita: mkazo ulio sawa kila mahali uingizwe kwenye kundi dogo la vipande, na utoke ukiwa sawa vilevile. Muungano wa fundo kwa ukingo hushindwa jaribio hilo kwa kawaida. Ibn Sina angeitambua sababu. Fundo la B lililo kwenye mita ya 2 linasimamia mita 1 ya kushoto na mita 1 ya kulia. Likifungwa kama nukta, husahau kwamba lina kushoto na kulia, na hutoa mzigo wake wote kana kwamba ulikusanyika pale liliposimama.

Mtu mwenye nia njema anaweza kudhani kwamba tatizo ni upendeleo, kwamba bwana mmoja ni dhuluma, na kwamba dawa ni kila upande kuufuata mwenzake. Mafundo ya B yakae juu ya ukingo wa A, na mafundo ya A yakae juu ya ukingo wa B, makubaliano kamili kila nukta. Katika mfano huohuo matokeo yanapatikana kwa mistari michache. Fundo la kati la A linalazimika kuwa wastani wa mafundo mawili ya ndani ya B, nayo yamekwisha kufungwa kwenye fundo hilohilo la kati na ncha za mpaka. Mlinganyo una jibu moja: fundo la kati ni nusu ya jumla ya ncha mbili, na mpaka mzima unakuwa mstari ulionyooka. Hauwezi tena kupinda. Vipande vitano vya kingo, vilivyofumwa ili kufuata mipindo ya mwili, vimegeuka fimbo. Wahandisi husema mpaka umekaza. Katika suala zima hili hakuna jambo linalostahili kufikiriwa kuliko hilo: pande mbili zenye sura tofauti zikilazimishwa kukubaliana kila nukta, kinachobaki kati yao ni kile tu ambacho zote mbili zilikuwa nacho tangu mwanzo, nacho ni kidogo kuliko kilichokuwamo ndani ya kila upande peke yake.

Christine Bernardi, Yvon Maday na Anthony Patera, mwishoni mwa miaka ya 1980, walipendekeza njia iliyopewa jina la mota, ileile ambayo mafundi huitandaza kati ya tofali na tofali. Katika njia hii kingo haziamriwi kulingana kila nukta. Tofauti ya misogeo yao huzidishwa kwa uzito fulani, hujumlishwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpaka, na jumla hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa sifuri. Uzito hubadilishwa mara kadhaa, kila mara jumla ikatakiwa kuwa sifuri tena. Kingo zinaweza kuachana hapa na kupandana pale, mradi kila mwachano ulipwe kwa kipimo kilichowekwa. Katika mfano wa mita 6, A hupokea 90, 180 na 90 kamili, na jaribio la Irons linapitwa.

Uzito huo unatokana na kizidisho cha Lagrange, chombo cha hesabu kinachoingizwa ili kusimamia sharti. Mtu angetegemea kiwe kifaa cha muda tu, kama mbao za kukingia zege, kiondolewe kazi ikiisha. Lakini hesabu ikifika mwisho, kizidisho hicho hutoka kikiwa na thamani yenye kipimo, na thamani hiyo ni kani inayopita kwenye mpaka, kani ileile ambayo vifaa vya kupimia vingeisoma kama vingekuwepo chini ya nguzo. Ni kitu kimoja kilicho pande mbili kwa wakati mmoja, chenye alama ya kujumlisha huku na ya kutoa kule. Wanatheolojia wa Mu'tazila wa Basra walikuwa wakisema kwamba muungano wa sehemu mbili ni sifa moja inayokaa katika zote mbili pamoja, na Waash'ari waliwapinga kwa sababu waliona ni muhali sifa moja kuwa na makao mawili. Kuhusu miili aliyoiumba Mungu, mjadala huo hauwezi kukatwa na kompyuta. Kuhusu nyavu, Mu'tazila walikuwa na hoja.

Hapo ndipo hakimu anapojulikana. Pande mbili hazina budi kukubaliana kuhusu kani, kwa kuwa kile ambacho huku kinasukuma, kule kinasukumwa, na sheria ya Newton haina nafasi ya kujadiliana. Kuhusu mahali, kila upande unaweza kuachiwa macho yake. Kidatu, mkoani Morogoro, ina mfano wa wazi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na inayovuka mpaka hapo Tunduma bila kubadili upana wake wa milimita 1,067, hukutana Kidatu na tawi la Reli ya Kati lenye upana wa milimita 1,000. Chuma hakiwezi kuendelea kwenye chuma. Mwaka 1998 ulianza kutumika mtambo wa kuhamishia mizigo, na kwa mtambo huo mitandao hiyo miwili iliungana kwa maana moja tu iliyo muhimu kwa msafirishaji, kwamba tani zinazoshushwa upande mmoja ndizo zinazopakiwa upande wa pili.

Kizidisho nacho kina masharti yake. Kikipewa uhuru mwingi, yaani nukta nyingi za kudai ulinganifu kuliko uwezo wa kingo kuzitii, ule ukaidi wa fimbo hurudi, au kani za mpakani huanza kuruka juu na chini bila maana. Ivo Babuška mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Franco Brezzi mwaka 1974 waliweka sharti la kihisabati linaloonyesha kiasi kinachofaa. Mbinu nyingine hukikwepa kizidisho hicho kabisa. Joachim Nitsche, katika makala ya 1971, alitumia kani iliyokwisha kuwemo ndani ya vipande vyenyewe, akaongeza adhabu ndogo ya kuituliza. Adhabu peke yake, bila hekima ya Nitsche, ni springi ngumu kati ya kingo: ikilegea pengo hubaki, ikikazwa mno namba za kompyuta hupoteza usahihi. Hutumika sana kwa kuwa ni nafuu, na si kila unafuu una hasara kubwa, ila anayeitumia anapaswa kujua kwamba ugumu wa springi hiyo umetoka kichwani mwake.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Kingo zinazoachana hapa na kupandana pale, hata kama jumla ni sifuri, si zinasema uongo kuhusu mwili ambao kwa kweli hauna pengo? Ndivyo, kwa kiasi. Lakini wavu wenyewe tangu awali ni kauli isiyo kamili, kwa kuwa nguzo ya zege haina mafundo. La maana ni kutofautisha kosa linalopungua kadiri matundu yanavyopunguzwa na kosa linaloganda. Mapengo ya njia ya mota hupungua. Mgao mbaya wa njia ya amri huganda karibu na mpaka, na hapo mkazo unaosomwa haufai kuaminiwa hata wavu ukisagwa kiasi gani. Kanuni ya Saint-Venant ya mwaka 1855 inatoa nafuu ya kimatendo: mgao wa mzigo ukikosewa huku jumla na mzunguko wake vikiwa sahihi, athari hufifia kadiri mtu anavyokwenda mbali na mahali pa kosa. Kwa hiyo mshono wa nyavu huwekwa mbali na sehemu ambayo jibu lake linatafutwa, kamwe usipite chini ya boriti yenyewe.

Lipo swali lililobaki, nalo linatangulia yote. Mbinu hizi zote zinachukulia kwamba pande mbili ni mwili mmoja katika dunia, na kwamba tofauti iko kwenye maelezo tu. Msangano haimruhusu mtu kulichukulia hivyo kirahisi. Mabonde ya Rukwa yalizaliwa kwa mipasuko, na mpasuko ni mpaka ambao pande zake zinagusana bila kuwa mwendelezo mmoja. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipatwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya 20, na baadhi ya watafiti wamelihusisha na mpasuko wa Kanda katika nyanda za juu za Ufipa. Modeli ya ardhi yenye mpasuko kama huo, ikiwa na nyavu zilizoungwa kwa mota safi kutoka ukingo hadi ukingo, itapita jaribio la Irons bila dosari na itatoa kani zilizolingana, huku ikieleza ardhi ambayo haiwezi kuteleza. Mpaka wa aina hiyo hupewa masharti ya mgusano: pande zinaweza kusukumana, haziwezi kuvutana, na zinaweza kuteleza msuguano ukishindwa. Hata msingi wa nguzo juu ya udongo laini wa bonde huweza kuinuka upande mmoja wakati wa mtikisiko. Programu huona kingo mbili zilizolaliana na hutoa nafasi ya kuziunganisha. Kama kwa kweli zimeota pamoja au zinagusana tu, hilo hujulikana kwa sampuli za udongo zilizochimbwa na ramani ya mwanajiolojia, na huandikwa kwenye modeli kabla ya mbinu yoyote kuchaguliwa.